Mwanafunzi wa Fildi Si Tarishi

(Mada iliyotolewa kwa wakuu wa vituo na watunza hazina wa dayosisi)



Tumeombwa tuseme machache juu ya wanafunzi wa uchumi wanaokuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Tuanzie mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Wachumi wa serikali ya Uingereza wana chombo chao, GES, kilichoanzishwa mwaka 1964. Chombo hicho huchukua wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uchumi kwa takriban mwaka mzima. Kijana akimaliza mwaka wa pili anaingia ofisini, na mwaka ukiisha anarudi chuoni kumalizia masomo. Anapangiwa wizara, iwe ya fedha, ya ajira au nyingine. Anachambua takwimu za bei na ajira, anasaidia kupima kama faida ya mradi itazidi gharama zake, na anaandika muhtasari kwa wakubwa wake. Tena analipwa mshahara.

Jambo la kutafakari ni hili. Kanuni za kima cha chini cha mshahara za nchi hiyo haziwagusi wanafunzi walio kazini kwa muda usiozidi mwaka mmoja kama sehemu ya masomo yao. Hata hivyo serikali inawalipa. Kazi ya bure ingefanywa tu na mtoto ambaye baba yake anaweza kumlipia pango London. Mtoto wa mnyonge angebaki nje, hata awe na akili kiasi gani.

Sasa turudi kwetu. Mwaka mmoja tulimpokea binti wa mwaka wa pili. Kwa wiki nane alitoa fotokopi na kupeleka barua posta. Mchana sisi tukienda kula, yeye alibaki ofisini akisema hana njaa. Siku ya mwisho tulimjazia ripoti yake: "Amejifunza mengi." Baadaye ndipo tukaambiwa kwamba alikuwa akija kwa miguu, asubuhi na jioni, kwa kukosa nauli. Ndugu zangu, tuliona aibu.

Wapo wanaopata fedha ya fildi kutoka Bodi ya Mikopo. Lakini si wote, na huo ni mkopo utakaorudishwa.

Hatuna hazina ya Uingereza, wala hatuwezi kulipa mshahara wa mwaka mzima. Tunaloweza ni haya matatu. Kwanza, kila kituo kitenge katika bajeti yake nauli na chakula cha mchana cha mwanafunzi mmoja. Pili, apewe kazi moja halisi, kwa mfano kukokotoa gharama ya mradi wa maji kwa kila kaya, au kuchunguza kwa nini wanachama wa SACCOS wanachelewesha marejesho. Tatu, awe na msimamizi mmoja wa kukaa naye kila wiki na kusahihisha kazi yake.

Sisi wa ofisi ya miradi tumeshaanza kwa kutenga fungu hilo. Tunawaomba nanyi mfanye hivyo kabla bajeti zenu hazijafungwa, ili kijana ajaye asilazimike kutuambia kwamba hana njaa.