Magadi ya Natron na Mawe ya Mbinguni

Wiki hii naomba tuyaache kidogo mambo ya bei na barabara, tuinue macho juu. Nataka tuzungumze habari za nyota, na habari za vijana wetu wanaozitazama. Najua wapo watakaosema kwamba nyota ni mambo ya watu walioshiba. Nawaomba wanivumilie dakika chache.

Mwezi wa Agosti nilikuwa Engaresero, katika Wilaya ya Ngorongoro. Asiyepafahamu na aanzie Mto wa Mbu, apite Selela, apite Engaruka, azidi kwenda kaskazini katika vumbi mpaka auone mlima Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Chini yake ndipo kijiji kilipo, na mbele ya kijiji limelala Ziwa Natron.

Usiku ule hapakuwa na mwezi. Mwalimu mmoja rafiki yangu alikuwa amewakusanya wanafunzi kama ishirini uwanjani, mikononi ana darubini moja kuukuu ya macho mawili, ya aina ile ambayo waongoza watalii huitumia kutazamia wanyama. Hicho ndicho chombo pekee cha klabu yao ya nyota. Watoto walikuwa wakipokezana, kila mmoja akihesabu mpaka ishirini kisha akimwachia mwenzake. Juu yetu ule ukanda mweupe wa nyota ulikatiza mbingu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kitu ambacho mtoto wa Dar es Salaam anaweza kufikisha umri wa kuoa bila kukiona.

Akaja mzee mmoja kumchukua mjukuu wake. Tulipokwisha kumwamkia, akasimama akatazama, kisha akasema: "Mwalimu, wageni wanakuja kupanda mlima, watoto wetu wanawabebea mizigo. Wengine wanakuja kuupima mlima, watoto wetu wanawabebea vyombo. Sasa unawafundisha nyota. Huko kwenye nyota nako watabeba mzigo wa nani?"

Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali lile ni zito, na linatuhusu taifa zima. Leo najaribu kulijibu.

Naanza na kitu ambacho mzee yule anakijua kuliko mimi, yaani magadi. Maji huingia Ziwa Natron kutoka katika mito na chemchemi, lakini hayana mahali pa kutokea. Jua linayakausha, na chumvi zilizomo zinabaki na kugandamana juu ya ziwa. Ndiyo magadi ambayo mama zetu huyatia katika maharage na makande, na wazee huyachanganya na tumbaku. Ni kitu cha sokoni, cha bei ndogo, na hakuna anayekishangaa.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2016 Wamarekani walirusha chombo kwenda kwenye jiwe moja linaloelea angani na kulizunguka jua, jiwe lenye upana wa kama mita 500, linaloitwa Bennu. Mwaka 2020 chombo hicho kilichota vumbi na kokoto za jiwe hilo, na Septemba 24, 2023, mzigo ukatua katika jangwa la Utah. Uzito wake ulikuwa gramu 121.6, yaani pungufu ya kikombe cha sukari. Januari 29, 2025, wataalamu wakatangaza walichokikuta. Walikuta chumvi za aina mbalimbali, zile zinazobaki maji yanapokauka polepole. Mojawapo wataalamu wa miamba wanaiita trona, na ilikuwa mara ya kwanza kuonekana katika kitu kilichotoka nje ya dunia yetu. Ndugu msikilizaji, trona ndiyo magadi.

Maana yake ni kwamba miaka bilioni nne na zaidi iliyopita, katika gimba kubwa ambalo Bennu alimeguka kwake, palikuwa na maji ya chumvi yaliyokauka, kama yanavyokauka leo maji ya Natron. Pamoja na chumvi hizo walikuta aina 14 kati ya zile 20 za amino asidi ambazo viumbe hai wa dunia hii huzitumia kujenga miili yao. Hawakukuta uhai. Walikuta malighafi ya uhai. Lakini ukitaka kuelewa maji yale yalikuwaje, mojawapo ya mahali pa kwenda kujifunza ni kando ya ziwa kama lile ambalo watoto wa Engaresero hunywesha mbuzi karibu nalo.

Hilo ni la kwanza. La pili liko kusini-magharibi mwa nchi yetu. Wengi tunakijua Kimondo cha Mbozi kwa sababu ya ukubwa wake. Lakini Desemba 16, 1938, katika eneo la Ivuna, ambalo leo limo katika Mkoa wa Songwe, kilianguka kimondo kingine. Vipande vilivyookotwa havikutimiza hata kilo moja, vilikuwa gramu 705 tu. Kimondo hicho kidogo ndicho kilicholipa jina kundi zima la vimondo vilivyo adimu sana, ambavyo mchanganyiko wake unakaribiana mno na ule wa jua lenyewe. Katika vitabu vya wataalamu kundi hilo huandikwa CI, na hiyo I ni Ivuna. Wajapani walipoleta gramu 5.4 kutoka jiwe la Ryugu mwaka 2020, wataalamu wakasema linafanana na kundi la Ivuna. Jina la kijiji cha Tanzania linatamkwa katika maabara za Tokyo na Houston. Nimewauliza vijana kadhaa wa sekondari kama wanalijua. Hakuna aliyelijua. Na kipande kikubwa kimojawapo cha kimondo hicho kimehifadhiwa London.

Hapa ndipo swali la mzee linapouma. Mali ni yetu, jina ni letu, elimu iko kwa wengine. Lakini sikubali kwamba ni lazima iendelee hivyo, na sababu yangu ni hayo hayo magadi.

Kila mtu anajua kwamba magadi yakinyeshewa yamekwisha. Chumvi zile za Bennu zilionekana kwa sababu mzigo ule ulifungwa vizuri tangu angani, haukuguswa na unyevu wa hewa yetu. Kimondo kinachoanguka chini hakina bahati hiyo. Kikilala porini mvua moja tu, sehemu ya habari zake imefutika. Kwa hiyo anayehitajika ni mtu wa kukiona kikianguka na kukifikia mapema. Mtu huyo hawezi kuwa profesa aliyeko mjini. Ni mchungaji, ni mwanafunzi, ni mama anayetoka kuteka maji. Pale pale Engaresero kuna nyayo za watu wa kale zaidi ya 400 zilizoganda katika majivu ya mlima, za kati ya miaka 5,760 na 19,100 iliyopita. Wenyeji ndio waliozitambua kwanza, wataalamu wakafuata. Macho yaliyozoea kusoma ardhi yapo tayari. Yamebaki kufundishwa kusoma na mbingu.

Hiyo ndiyo kazi ya klabu za nyota, nayo haihitaji fedha nyingi. Katikati ya Desemba kila mwaka vimondo huonekana kwa wingi usiku. Wanafunzi wanaweza kulala chali, wakavihesabu na kuandika saa kwa saa. Kikipita kimoja kikubwa chenye mwanga mkali, waandike saa kamili, upande kilikotoka, upande kilikozamia, na kama kilitoa mlio. Wakiandika hivyo watu wa Engaresero, na wa Gelai, na wa Malambo, mtaalamu anaweza kukadiria mahali kilipoangukia. Na jiwe likipatikana, lisioshwe, lisiguswe na sumaku, lifungwe katika karatasi safi ya alumini na taarifa ipelekwe chuo kikuu na kwa viongozi upesi.

Wala hatuanzi bila chochote. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete, watu walifurika Rujewa, Mkoa wa Mbeya, kulitazama. Dakta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefanya kazi kubwa ya kuwaelimisha wananchi juu ya mambo kama hayo. Mei 21, 2031, pete kama hiyo itapita tena katika sehemu za nchi yetu. Mtoto aliyeko darasa la tano leo hataikuta gizani, iwapo tutamtayarisha. Majirani zetu nao hawakulala. Setilaiti ya kwanza ya Uganda ilirushwa 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 mwaka 2023. Na tusisahau kwamba ni kutoka pwani ya Malindi, Desemba 12, 1970, iliporushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za nyota, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Bado nasikia sauti inayouliza: na ng'ombe watashiba nyota? Namjibu kwa mlima wenyewe. Mwaka 2007 ardhi ilitikisika, kisha Lengai ukalipuka na kumwaga majivu juu ya malisho, watu wakahama na mifugo yao. Tangu 2016 pamewekwa vipokezi kuuzunguka mlima huo vinavyosikiliza setilaiti, katika kazi inayoshirikisha Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Marekani. Vipokezi hivyo huonyesha mlima ukivimba hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Elimu ya angani ndiyo inayoweza siku moja kumwambia mzee yule: ondoa ng'ombe mapema. Je, si bora anayemwambia awe mjukuu wake?

Usiku ule nilimweleza mzee habari za magadi ya Bennu. Alinyamaza kitambo, akatoa ugoro wake, akautazama katika mwanga wa tochi. Kisha akamwambia mwalimu: "Kesho atakuja tena. Lakini mbuzi kwanza."

Basi nawaomba wakuu wa shule, halmashauri, na wenye kambi za watalii kandokando ya ziwa. Shule moja, darubini moja na daftari moja. Taa za kambi zielekezwe chini, giza lile ni mali. Na jina la Ivuna liingie madarasani. Watoto wa Engaresero wamezoea kubeba mizigo ya wengine kupanda mlima. Tuwape sasa mzigo wao wenyewe, yaani daftari lenye majina yao juu ya jalada.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo wiki hii. Kwaherini.