Sauti Iliyovuka Milima



Usharika unapotimiza miaka 100, ni vema kuukumbuka pia utumishi mmoja uliodumu miaka 14 tu. Tarehe 26 Februari 1963, mjini Addis Ababa, mbele ya Mfalme Haile Selassie, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilizindua redio iliyojulikana kwa Kiswahili kama Sauti ya Injili. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, likiwamo la Usambara na Digo, yaliungana kuwa Kanisa moja.

Mitambo yake miwili ya masafa mafupi ilikuwa na nguvu ya kilowati 100 kila mmoja. Wimbi la masafa mafupi hupanda angani, hugonga tabaka la juu lenye chembe za umeme, kisha hurudi ardhini mbali sana. Kwa hiyo umbali wa kilomita zipatazo 1,500 haukuwa kizuizi, wala vilele vya Usambara havikuwa ukuta. Sauti ilishuka kutoka juu, mabondeni kama uwandani.

Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarekodiwa kwenye kanda, na kanda zikapelekwa Ethiopia. Takribani asilimia 30 ya matangazo ya kituo ilikuwa mahubiri na mafundisho ya Neno. Sehemu iliyobaki ilikuwa elimu, habari na utamaduni. Kanisa lilimhudumia mtu mzima, roho na mwili.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio hiyo. Mitambo ileile ikaanza kutangaza mapinduzi. Mitambo haina imani, hutangaza inachopewa.

Lakini studio ya Moshi haikutwaliwa, wala ujuzi wa watu wake. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio zisizo za serikali, Sauti ya Injili ilipata nafasi ya kurusha matangazo yake kutoka Moshi penyewe, kwa mitambo ya FM.

Hata hivyo, wimbi la FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kijiji kilicho nyuma ya mlima hubaki kivulini. Katika nchi kama Usambara, mnara mmoja hautoshi. Kila safu ya milima yahitaji mtambo wake wa kupokea na kurusha tena, na fundi wa kuutunza.

Ndivyo Injili ilivyoenea huku tangu wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891: ilipokewa, ikapelekwa ng'ambo ya kilima. Chombo chaweza kutwaliwa kwa siku moja. Aliyefundishwa hubaki, na yeye humfundisha mwingine. Usharika utakaodumu miaka 100 mingine ni ule unaowafundisha vijana wake leo.

Mungu aubariki usharika huu. Amina.