Sikukuu ya Mtoto Bila Deni

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, baada ya Misa ya Jumapili)

Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kumfanyia mtoto mdogo sikukuu ya kuzaliwa nyumbani. Nilidhani ananitania, maana mimi huitwa kuzungumza juu ya mikopo na vyoo. Kumbe hata hii ni habari ya mikopo.

Kuna mama mmoja, si wa hapa, aliyekopa shilingi 12,000 katika kikundi chao. Kwenye daftari iliandikwa "mbolea". Pesa zikaenda kwa hema, viti vya kukodi, spika na keki ya kutoka mjini. Mtoto alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Aliposhikishwa kisu akate keki, zile spika zilimtia hofu, akalia mpaka akalala mgongoni mwa nyanya yake. Sherehe ikaendelea bila mwenyewe.

Baada ya majuma matatu mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Mama akaja kikundini kuomba nauli na pesa za dawa. Akaambiwa, lipa kwanza ile ya mbolea. Mimi nilikuwa nimeketi pale kama mshauri, na nilinyamaza, kwa sababu katiba yao ilisema hivyo. Mama mwingine alifungua pindo la leso akatoa alizokuwa nazo, mtoto akapelekwa hospitali, akapona. Lakini kule kunyamaza kwangu kunanisumbua hata leo.

Sasa, wako wanaosema bathdei ni mambo ya wazungu, tuachane nayo. Mimi sikubali. Mtoto kufikisha mwaka ni jambo la kushukuru. Baadhi yenu hapa mmezika wadogo kuliko huyo. Ninachokataa ni kushukuru kwa pesa za mbolea.

Basi fanyeni hivi. Chagueni saa nne asubuhi, mtoto akiwa ameamka na kushiba, au saa tisa akishatoka usingizini. Masaa mawili yatosha. Mwiteni babu au nyanya ambaye mtoto ana jina lake, na msimamizi wake wa ubatizo, mmoja wao aongoze sala. Waiteni watoto wachache wa majirani. Na wale wanaochungulia uani, jamani, waingizeni! Anayeuliza alete zawadi gani, mwambieni kifaranga au mche wa avokado.

Keki pikeni wenyewe. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, robo kilo ya siagi, mayai manne, nusu kikombe cha maziwa, na vijiko viwili vidogo vya beking pauda. Piga siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, ongeza mayai moja moja, kisha unga na maziwa. Weka mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu yake uweke sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye keki. Funika, weka makaa machache juu ya kifuniko, na moto chini uwe mdogo. Baada ya dakika 40 hivi choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu imeiva. Msiwe mnafunua kila dakika, itaanguka katikati. Na kumbukeni, jiko la makaa halikai ndani ya nyumba iliyofungwa.

Karanga, bisi na peremende ngumu msiwape watoto wadogo, zinaweza kuwakaba. Puto likipasuka okoteni vipande mara moja, kwa sababu mtoto hutia kila kitu mdomoni. Na ile desturi ya vijana ya kummwagia maji mwenye siku yake, mwacheni mtoto mchanga. Maji yenyewe tunayateka mbali.

Siku hiyo toeni pia kadi ya kliniki muisome. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, tena miezi 18, na hiyo ya pili wengi huisahau kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Vitamini A ni kila miezi 6 mpaka atimize miaka 5. Dawa ya minyoo inaanza akiwa na mwaka mmoja. Halafu cheti cha kuzaliwa. Sheria yataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6. Ukichelewa, karatasi na safari huongezeka. Aliyezaliwa nyumbani huandikishwa kupitia kwa naibu wa chifu.

Nyanya mmoja anayelea mjukuu yatima aliniuliza, "Na huyu wangu ambaye siku yake siijui?" Nilimwambia tuanze parokiani, kwa sababu kitabu cha ubatizo huandikwa pia tarehe ya kuzaliwa. Tulimpata humo, na sasa karatasi za cheti ziko njiani. Lakini kwa sherehe nyanya amechagua siku yake mwenyewe, ile mtoto alipoletwa kwake amefungwa ndani ya sweta. Ni Jumamosi ijayo, nami nimeagizwa nilete sufuria kubwa na mchanga.