Majibu Yakishatoka: Mazungumzo Juu ya Kuamua Tiba ya Saratani ya Matiti

Ndugu zetu akina mama, na ninyi jamaa mliowasindikiza,

Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya siku zinazofuata baada ya daktari kutamka neno saratani. Neno la msingi ni hili: mgonjwa aliyegunduliwa karibuni, mara nyingi, anazo siku za kutosha kuuliza, kuelewa na kuamua. Asichokuwa nacho ni miezi ya kujificha. Wako wanaokubali kila kitu siku ileile kwa hofu, wasijue walichokubali. Na wako wanaoondoka kwa hofu hiyohiyo, wasirudi mpaka titi limetoboka. Leo tunatafuta njia iliyo kati ya hao wawili.

Mtu anapopewa habari nzito, husikia sentensi ya kwanza, na nyingine zote humpita. Huo si udhaifu, ni maumbile. Kwa hiyo ombeni kurudi kwa daktari kwa mazungumzo ya pili, na mje na mtu mmoja mnayemwamini: dada, mume, binti au rafiki. Kazi ya mtu huyo si kuwaamulia, bali kusikiliza na kuandika katika daftari. Ombeni pia nakala ya kila jibu la kipimo, mziweke pamoja katika jalada moja. Mgonjwa anayepewa rufaa bila majibu yake huweza kulazimika kupimwa upya, na hapo hupotea fedha na wakati.

Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Wanawake wawili wenye uvimbe wa ukubwa mmoja wanaweza kuhitaji tiba tofauti kabisa, na ndiyo sababu kipimo cha kinyama hutangulia. Daktari huchukua vipande vidogo vya uvimbe kwa sindano maalumu, navyo hupelekwa maabara. Wapo wanaoamini kwamba sindano hiyo huiamsha saratani. Imani hiyo imewachelewesha wengi bila sababu, kwa maana bila kipimo hicho daktari hawezi kujua anatibu nini.

Jibu la maabara likifika, ulizeni mambo matatu. Kwanza, je, saratani hii ina vipokezi vya homoni? Ikiwa navyo, kuna tembe, kama vile tamoksifeni, zinazomezwa kila siku kwa miaka 5, na kwa baadhi ya wagonjwa hadi miaka 10. Pili, je, ina protini iitwayo HER2 kwa wingi? Ikiwa nayo, ipo dawa iliyotengenezwa kuilenga, trastuzumabu, ingawa bei yake ni kubwa na lazima muulize kama inapatikana na nani atailipia. Saratani isiyo na vipokezi wala HER2 kwa wingi hutegemea zaidi tibakemia, yaani dawa za saratani zinazoingizwa kwa dripu. Tatu, ugonjwa uko katika hatua gani kati ya 1 na 4? Katika hatua za mwanzo lengo la tiba ni kuponya. Katika hatua ya 4, ugonjwa ukiwa umefika viungo vya mbali kama mifupa, ini au mapafu, lengo huwa ni kuuzuia, kupunguza maumivu na kurefusha maisha. Mgonjwa ana haki ya kujua tiba anayopewa inalenga nini.

Sasa tufike kwenye swali linalowaumiza wengi: je, titi lazima liondolewe lote? Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba kadiri kisu kinavyokata zaidi, ndivyo mgonjwa anavyokuwa salama zaidi. Katika miaka ya 1970 daktari Bernard Fisher huko Marekani na daktari Umberto Veronesi huko Italia waliijaribu imani hiyo kwa tafiti kubwa. Matokeo ya miaka 20 ya kuwafuatilia wagonjwa yalichapishwa mwaka 2002. Yalionyesha kwamba, kwa saratani ya mapema, wanawake walioondolewa uvimbe tu na kupewa mionzi waliishi muda sawa na walioondolewa titi lote.

Basi kwa wengi walio katika hatua za mwanzo upo uchaguzi, nao una masharti. Kubakiza titi kwa kawaida ni kukubali pia mionzi, inayotolewa kila siku ya kazi kwa wiki 3 hadi 5, au zaidi. Hapa kwetu Tanzania tiba hiyo hupatikana katika hospitali chache, zikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Mama atokaye Songea atalala wapi wiki zote hizo, na nani atabaki na watoto? Mwanamke anayechagua kuondolewa titi lote kwa sababu hizo hakukosea. Na anayechagua kulibakiza, naye hakufanya anasa. Lakini ulizeni mapema, kwa kuwa hata baada ya titi lote kuondolewa mionzi huweza kuhitajika, hasa ugonjwa ukiwa umefika kwenye tezi za kwapani. Ulizeni pia kama tibakemia itangulie upasuaji, maana mara nyingine hupunguza uvimbe mkubwa hata upasuaji ukawa mdogo. Na ninyi mnaotarajia bado kuzaa, semeni hivyo kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu dawa hizo huweza kudhuru uwezo wa kupata mimba.

Tunajua kwamba katika familia zetu jambo kama hili hupelekwa kikaoni. Kikao ni chema kikichangia nauli, kikapanga zamu za kumwangalia mgonjwa na kumtia moyo. Kikao hakiwi chema kikiamua juu ya mwili wa mtu ambaye hakuulizwa. Saini katika fomu ya ridhaa ni ya mgonjwa. Asitie saini asichokielewa, wala asizuiwe kutia saini alichokielewa na kukikubali.

Juu ya gharama, ulizeni kabla ya kuanza: bima inalipa nini, na nini hailipi? Asiye na uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, asingoje mpaka fedha ziishe katikati ya tiba. Tiba iliyokatizwa huupa ugonjwa nafasi.

Watawajia pia wauzaji wa dawa. Sheria yetu ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili, lakini kutambuliwa kwa mganga si uthibitisho kwamba dawa yake huponya saratani. Jihadharini na dawa inayodaiwa kuponya magonjwa yote, na muuzaji anayetaka fedha zote mbele, na hasa anayewaambia muache hospitali. Mkiwa mnatumia mitishamba yoyote, mwambieni daktari bila woga, kwa kuwa baadhi hugongana na dawa za saratani.

Tibakemia ikianza, nywele huweza kutoka, na kwa kawaida huota tena. Lakini homa ya nyuzi 38 au zaidi katika siku hizo si jambo la kungoja asubuhi: nendeni hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu kinga ya mwili imeshuka.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zihakikishe kwamba uchunguzi unakamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza, na kwamba angalau wagonjwa 80 kati ya 100 wanamaliza tiba yao. Wiki moja au mbili za kuuliza maswali hazivunji lengo hilo. Miezi sita ya kunyamaza huvunja mengi.

Sasa tunayapokea maswali yenu, na hakuna swali dogo.