Maji ya Jirani Bububu

Masika yanapokolea, ugomvi wa maji hurudi Bububu, Zanzibar. Mtu kanunua kiwanja bondeni, kajaza kifusi mpaka kikapanda juu ya cha mwenzake, kisha kazungusha ukuta bila kuacha hata tundu moja chini. Maji yaliyokuwa yakipita hapo tangu enzi za minazi hayana pa kwenda ila ukumbini kwa jirani. Mama wa watu anaamka usiku kunyanyua magodoro, na karo limeshafurika.

Hilo la karo ndilo linalonitia hofu zaidi. Zanzibar imepigwa na kipindupindu mara nyingi tangu 1978, na uchafu wa karo ukichanganyika na mvua huingia hadi visimani. Tena hapa Bububu ndipo penye chemchem ambazo Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizitumia kupeleka maji ya bomba mjini. Ardhi ya namna hii haifai kuchezewa.

Mitaro mikubwa ya serikali inasaidia, lakini haifiki kila uchochoro. Baina ya nyumba mbili, kazi ni ya wenye nyumba wenyewe.

Masheha na Manispaa ya Magharibi A, tunakuombeni mkague njia ya maji kabla msingi haujachimbwa, maana ukuta ukishasimama kuuvunja ni kesi. Nawe ndugu unayejenga, mwite jirani yako wa chini mkubaliane mfereji upite wapi, kabla mvua za vuli hazijaanza.