Watani wa Jadi na Elimu ya Kesho

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazee, kabla ya kuanza kwa msimu wa ligi)



Ndugu zetu wapenzi, ilipotangazwa mada hii wapo walionong'onezana kwamba si mada ya kuzungumzwa mbele ya wazee. Sisi twaona kinyume. Jambo linaloweza kuwafanya watu wazima wawili, waliosimama safu moja alfajiri, wapitane kimya njiani adhuhuri, haliwezi kuitwa jambo dogo. Na hayo twayaona kila mwaka msimu unapokaribia. Barazani, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vituo vya bodaboda, kila mtu amekwisha kuwa mjuzi wa mambo yajayo. Huyu wa Msimbazi asema ubingwa umekwisha kupatikana, zimebaki sherehe tu. Yule wa Jangwani amjibu kwamba mtani wake hatafika hata nafasi ya pili. Ligi ina miezi mingi mbele yake, nao wameimaliza kabla mpira haujawekwa kati.

Inafaa kwanza tulitazame neno lenyewe. Lugha yetu ina kutabiri na ina kubashiri, na yote mawili yametoka katika Kiarabu. Kutabiri asili yake ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Kubashiri asili yake ni kuleta habari njema, nayo ni ndugu ya bishara. Basi shabiki hubashiri kwa maana ya asili kabisa, kwa kuwa kwa timu yake haleti ila habari njema! Hatujapata kumsikia mwana Simba akisema mwezi wa Agosti kwamba mwaka huu watakuwa wa tatu, wala mwana Yanga akikiri kwamba kikosi chake kina tundu kwenye ulinzi. Husema analolitaka, kisha huliita analolijua.

Wala hatusemi kwamba utani ni jambo baya. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Na hiyo ya pili ilikuwa ikiitwa Sunderland kabla ya kuchukua jina la Simba mwaka 1971. Kwa hiyo utani huu una umri mkubwa kuliko karibu sisi sote tuliomo humu. Wazee wetu walioujua utani wa makabila waliujua pamoja na mipaka yake: mtani alikutania msibani, lakini alikuwa wa kwanza kufika msibani, na jembe la kuchimbia kaburi alilishika yeye. Twaomba vijana waliangalie hilo. Maneno makali yalikuwa na huduma nyuma yake. Siku hizi twabaki na maneno tu.

Sasa tuwaeleze jambo tulilolishuhudia. Katika kijiwe kimoja muuza kahawa alichoshwa na ubishi, akanunua daftari la shule. Kabla ya msimu wa 2023/24 aliwataka wateja wake waandike kwa mikono yao nani atakuwa bingwa, nani wa pili, nani wa tatu, kisha kila mmoja atie sahihi. Walicheka sana, wakaandika. Daftari akalifungia kwenye kabati la vikombe.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Simba ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja wa ligi msimu ule, na siku mbili baadaye kocha wake, Mbrazili Roberto Oliveira, aliondoka kazini. Pale kijiweni palikuwa hapakaliki. Vijana wa Jangwani walinyanyua vidole vitano kila alipopita mwenzao wa Msimbazi, hata alipokuwa akienda kuhani. Wa Msimbazi nao wakakumbusha kwamba tarehe 6 Mei 2012 wao ndio waliofunga 5 kwa 0. Kila upande ulidai kwamba mambo hayo uliyasema tangu mwanzo. Muuza kahawa hakusema neno.

Msimu ulipokwisha akalitoa daftari. Yanga ilikuwa bingwa, na waliokuwa wameiandika walishangilia. Lakini nafasi ya pili ilichukuliwa na Azam, na Simba ikawa ya tatu, nazo zikiwa na pointi sawa, zimetenganishwa na mabao. Hakuna katika kijiwe kile aliyekuwa ameandika Azam wa pili, hata mmoja! Na waliokuwa wakiapa kwamba waliliona jambo hilo likija walionyeshwa sahihi zao. Mzee mmoja alilitazama jina lake kwa muda mrefu, akauliza kama kweli mwandiko ule ni wake.

Ndugu zetu, daftari lile lilituonyesha kitu ambacho mawaidha mengi yameshindwa kukionyesha. Mtu hukumbuka ubashiri wake uliotimia, na hukumbuka ubashiri wa mtani wake ulioanguka. Ule wake ulioanguka huuzika bila ya matanga.

Tena mashabiki hukosea katika hesabu. Katika ligi ya timu 16 kila timu hucheza michezo 30, na pointi zote zinazoshindaniwa ni 90. Mchezo wa watani ni miwili tu, yaani pointi 6. Hizo 84 zilizobaki hutafutwa Mbeya kwenye uwanja wa Sokoine, Tanga kwenye Mkwakwani, Kigoma kwenye Lake Tanganyika. Safari ndefu, joto au baridi usiyoizoea, na wenyeji ambao mwaka mzima wameingoja siku hiyo moja. Tarehe 16 Aprili 2023 Simba iliifunga Yanga 2 kwa 0, na furaha ilikuwa kubwa. Ubingwa wa msimu huo ulikwenda Jangwani. Na Yanga yenyewe ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Walioikatiza hawakuwa Simba wala Azam, bali Ihefu ya Mbarali, tarehe 29 Novemba 2022, kwa mabao 2 kwa 1. Oktoba 2023 yakarudi yale yale, kwa idadi ile ile ya mabao. Ni nani aliyeiandika Ihefu katika tambo zake?

Wanaosema ligi hii ni ya wawili tu wasome msimu wa 2013/14. Azam ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, Yanga ikawa ya pili, na ya tatu ikawa Mbeya City, iliyokuwa imepanda daraja msimu ule ule. Simba ilikuwa ya nne. Na katika msimu huo huo, tarehe 20 Oktoba 2013, Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3 kwa 0 mbele ya Simba. Mchezo ukaisha 3 kwa 3. Ikiwa watu elfu nyingi waliokuwa uwanjani hawakuijua dakika 45 iliyokuwa mbele yao, miezi tisa huijuaje?

Liko na suala la viporo, yaani michezo iliyoahirishwa. Shabiki huvihesabu viporo kana kwamba pointi zake zimekwisha ingia mfukoni. Wakati mwingine hupata, twakiri: msimu wa 2018/19 Yanga iliongoza msimamo kwa muda mrefu, Simba ikiwa na viporo vingi kwa sababu ya mashindano ya Afrika, na mwishoni Simba ikawa bingwa. Lakini kiporo chaweza pia kuchacha. Hata tarehe haibashiriki. Mchezo wa watani uliopangwa 8 Machi 2025 haukuchezwa siku hiyo. Ulichezwa 25 Juni, Yanga ikashinda 2 kwa 0.

Hapa tunafika kwenye jambo zito zaidi. Ubashiri wa kijiweni gharama yake ni haya ya uso. Lakini sasa neno hili limehamia kwenye simu. Makampuni yamelichukua, na kijana akisema "nabashiri" twajua ya kwamba ameweka fedha. Huo ni kamari, na Sura al-Maida imeitaja pamoja na ulevi, ikaeleza na sababu: kutia uadui na chuki baina ya watu. Hata asiyetaka kusikia hukumu na asikie hesabu. Kijana huandaa mkeka wa michezo kumi, nao haulipi mpaka yote kumi itimie. Tumpe uhodari mkubwa, tuseme katika kila michezo miwili hupata mmoja. Bahati yake ya kupata yote kumi ni moja katika 1,024. Twamjua mmoja aliyeweka ada ya mdogo wake. Mchezo mmoja ulimwangusha, na mtoto alikaa nyumbani muhula mzima. Mama yao hakujua mpira ni nini, lakini aliijua timu ile kwa jina.

Ushirikina nao tuutaje kwa kupita, kwa sababu wasikilizaji wanaufahamu kuliko sisi: timu kukwepa mlango rasmi, vitu kumwagwa uwanjani usiku. Kama mganga angekuwa na neno, kusingekuwa na sare.

Muuza kahawa amenunua daftari jingine, na safari hii ameongeza ukurasa. Kila mtu ataandika kwanza timu ya mtani wake itamaliza ya ngapi, na sababu tatu za mpira, si za matusi. Kisha ndipo aandike yake. Wawili waliokuwa hawasalimiani tangu Novemba 2023 wamekubali kuandika, kila mmoja kwa sharti kwamba mwenzake aandike mbele yake. Siku hiyo wataketi benchi moja.

Tunaishia hapa, kwani twaona mikono imekwisha inuliwa, na mingi yake imevaa nyekundu na kijani.