Namna Pua Inavyopeleka Habari Ubongoni

Wasikilizaji wetu, huko Ipuli, Tabora, mtu huijua asali ya miombo kwa harufu kabla hajaionja. Juu ndani ya pua zimo chembe za fahamu. Kila moja ikikua huchagua kipokezi kimoja tu cha harufu, kati ya aina 400 hivi, kisha hutoa uzi mwembamba upitao katika vitundu vya mfupa mpaka ubongoni. Nyuzi za chembe zenye kipokezi namna moja hukutana mahali pamoja. Tena chembe hizi zikifa, nyingine huzaliwa badala yake. Nasi twaliona jambo hili kuwa la ajabu, maana chembe nyingi za ubongo hazifanyi hivyo. Basi mtu ambaye baada ya mafua makali hasikii hata harufu ya moshi wa nyumba iunguayo, aweza kupona baada ya miezi, ijapokuwa wengine hawaponi.